R iliyotoka kuzimu: je, Tartaros ni neno la Kituruki?

Kuna dai linalozunguka kila wapenzi wa maneno ya kale wanapokutana: kwamba Tartaros, lile shimo la Wagiriki lililo chini kuliko hata kuzimu, limetokana na Tatar, jina la watu wa ukoo wa Kituruki. Dai hili lina mvuto wake. Ondoa ule mkia wa -os, ambao ni sarufi ya Kigiriki tu, na utabaki na Tartar upande mmoja na Tatar upande wa pili. Tofauti ni herufi moja. Mtetezi wake hana haja ya kwenda chuoni. Anakuandikia maneno mawili kwenye karatasi, anakusogezea, anauliza: huoni?

Unaona, ndiyo. Na uzuri wa kisa hiki ni kwamba maneno hayo mawili kweli yalikutana. Ila yalikutana katika karne ya 13 BK, Ulaya Magharibi, na neno lililoliambukiza jenzake lilikuwa la Kigiriki. Ili kuufungua uzi huu inabidi kuanzia kwenye ncha zake mbili.

Ncha ya kwanza ni ya Hesiod, mshairi wa Kigiriki aliyeishi mnamo mwaka 700 KK. Yeye kina cha Tartaros alikipima kwa fuawe, lile pande ambalo mhunzi hufulia chuma juu yake. Fuawe la shaba likidondoka kutoka mbinguni, asema, litaanguka mchana na usiku siku tisa, na siku ya kumi ndipo litue ardhini. Likidondoka tena kutoka ardhini, siku tisa nyingine, na ya kumi ndipo lifike Tartaros. Huko ndiko walikofungiwa Titan, miungu wa kizazi cha zamani walioshindwa vita na Zeus, mfalme wa miungu. Kwa Homer, mshairi mwingine wa kale wa Kigiriki, Zeus anawatisha miungu wenzake kwamba atakayemkaidi atatupwa humo, mbali chini ya Hades, kuzimu ya kawaida, kama mbingu ilivyo mbali na nchi. Kwa hiyo si kuzimu ya kila marehemu. Ni gereza la wakubwa waliopinduliwa.

Msomaji wa Kiswahili huenda amekwisha kulipita shimo hili bila kulitambua. Katika Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 2 mstari wa 4, panaposemwa habari za malaika waliokosa, Kigiriki kinatumia kitenzi kilichoundwa kutokana na Tartaros: "kumtartarosi" mtu, kama tungethubutu kusema hivyo. Biblia yetu ya Union inasema "aliwatupa shimoni". Neno la kisasili cha kipagani limeingia ndani ya waraka wa mtume, na mfasiri, kwa busara yake, akaliacha libaki shimo.

Ncha ya pili iko Mongolia, penye bonde la mto Orkhon. Kuna mawe mawili yaliyochongwa maandishi ya Kituruki cha kale, moja la mwaka 732 BK kwa ajili ya Kül Tigin, jingine la 735 kwa ajili ya kaka yake, Bilge Khagan. Humo wametajwa Otuz Tatar, yaani Watatari Thelathini, miongoni mwa mataifa yaliyokuja kulia msiba wa watawala wa kwanza wa dola ile. Wametajwa pia Tokuz Tatar, Watatari Tisa. Huko ndiko jina Tatar linakoonekana mapema kabisa kwa maandishi ya Kituruki.

Fanya hesabu. Kati ya Hesiod na jiwe la Kül Tigin ipo miaka zaidi ya 1,400, na kati ya vijiji vya Hesiod na bonde la Orkhon zipo kilomita zaidi ya 5,000. Mtetezi atasema jina linaweza kuwa la zamani kuliko jiwe. Linaweza. Hata jina la babu yangu lilikuwepo kabla ya cheti chake. Lakini anayedai kwamba lilisafiri miaka yote hiyo kwenda nyuma na kilomita zote hizo kwenda magharibi anapaswa kutuonyesha vituo lilipolala njiani, na vituo hivyo havipo. Wengine huwaleta Waskithi, wapanda farasi wa kaskazini mwa Bahari Nyeusi ambao Wagiriki walifanya nao biashara, wakisema hao ndio walikuwa Waturuki. Majina na maneno ya Kiskithi yaliyohifadhiwa, hata hivyo, ni ya ukoo wa lugha za Kiirani, jamaa ya Kiosetia kinachosemwa leo milimani Kaukazi.

Kuna pigo jingine, na hili linatoka kwa mtu ambaye hakuna Mturuki atakayemshuku. Mahmud al-Kashgari, aliyetunga kamusi kubwa ya lugha za Kituruki kwa Kiarabu katika miaka ya 1070 huko Baghdad, anaandika kwamba Watatari wana lugha yao wenyewe, ingawa Kituruki nacho wanakijua vizuri. Wataalamu wengi wanaona lugha hiyo ilikuwa ya ukoo wa Kimongolia. Maana yake, hata tukikubali yote mengine, Watatari wa mwanzo huenda hawakuwa Waturuki wa lugha. Jina lilikuja kuwakaa Waturuki baadaye, na namna lilivyowakaa ndiyo sehemu tamu ya habari hii.

Mwaka 1202 Genghis Khan, kiongozi wa Wamongolia, aliwavunja Watatari, maadui wa ukoo wake waliosemekana kumuua baba yake kwa sumu. Waliobaki akawachanganya katika jeshi lake. Hapo mambo yakapinduka: majirani waliendelea kuliita jeshi lote la Wamongolia kwa jina la kabila aliloliangamiza. Ni kama mtu aliyeua simba kisha kijiji kizima kikamwita Simba. Wanahistoria wa Kiarabu, Ibn al-Athir akiwamo, walipoandika habari za balaa lile waliandika Tatar. Warusi nao Tatar. Wote hao walisikia t mbili na r moja mwishoni, wakaandika walichosikia.

Kisha jeshi likafika Ulaya. Tarehe 9 Aprili 1241 likashinda Legnica, Poland. Siku mbili baadaye likashinda Mohi, Hungaria. Habari zikakimbia kuelekea magharibi, kwa watu waliosoma Kilatini, na Kilatini kilikuwa kimekwisha kulirithi shimo la Hesiod kwa jina la Tartarus. Mtawa wa Kiingereza, Matthew Paris wa abasia ya St Albans, katika kumbukumbu zake za mwaka 1240 aliwaeleza wavamizi kama mashetani waliofunguliwa kutoka Tartarus, hata ikawafaa kuitwa Tartari. Mtawa huyohuyo anasimulia kwamba Mfalme Louis IX wa Ufaransa alimfariji mama yake kwa mchezo wa maneno: ama tutawasukuma Watartari warudi Tartarus walikotoka, ama wao watatupeleka sisi mbinguni.

Mzaha wa mfalme, lakini tazama ulichokifanya. Uliingiza r katikati ya jina la watu. Ushahidi kwamba r ile ni ya Kilatini ni huu: imeota pale tu palipokuwa na kasisi anayeijua Tartarus. Kwa Mwarabu haipo, kwa Mwajemi haipo, kwa Mrusi haipo, na kwa Watatari wenyewe haipo hadi leo. Ingekuwa ni r ya asili iliyodondoka baadaye, isingedondoka kwa kila jirani na kubaki kwa watu wa mbali tu.

Waliokwenda kujionea walijaribu kusahihisha. Giovanni da Pian del Carpine, mtawa wa Kiitaliano aliyerudi kutoka kwa Khan, mtawala wa Wamongolia, mwaka 1247, alikipa kitabu chake jina lenye maana ya historia ya Wamongolia ambao sisi tunawaita Watartari. Mflemi William wa Rubruck, aliyesafiri kati ya 1253 na 1255, alieleza wazi kwamba Wamongolia hawapendi kuitwa hivyo, kwani Watatari walikuwa watu wengine. Haikusaidia. Jina la utani likishaganda halibanduki kwa barua. Ramani za Ulaya ziliendelea kuandika "Tartaria" juu ya eneo kubwa la Asia hadi karne ya 19, na makabila yaliyosema Kituruki kandokando ya mto Volga na huko Krimea yakabaki na jina la Tatar, ambalo leo ni lao kwa haki. Kazan ni mji wao, Tatarstan ni jamhuri yao ndani ya Urusi.

Sasa rudi kwenye ile karatasi yenye maneno mawili. Mtetezi wetu anapoonyesha jinsi Tartar na Tartaros yanavyofanana, anachokionyesha ni tusi la watawa wa karne ya 13. Walioliumba jina hilo walilifananisha na shimo kwa makusudi, na yeye anaukuta mfanano huo miaka 800 baadaye na kudhani ni undugu. Sijui kama kuna kisa kingine cha kashfa kugeuzwa kuwa cheti cha kuzaliwa.

Hapa pana somo ambalo Mswahili analiweza bila kuazima mfano. Kituruki cha baba ni baba. Dakika ni dakika, herufi kwa herufi. Habari ni haber, kitabu ni kitap, hesabu ni hesap, dunia ni dünya. Mtu mwenye haraka angeshatangaza kwamba Waturuki walitoka Lamu. Lakini dakika na wenzake, sisi na wao tuliazima dukani kwa jirani mmoja, Mwarabu. Baba ni jambo jingine: ni silabi za mtoto mchanga anayechezesha midomo, na wazazi wa dunia nzima wana tabia ya kujichukulia silabi hizo kuwa wanaitwa wao. Halafu lipo kale. Kwetu ni zamani. Kwao ni ngome, kutokana na Kiarabu qal'a. Magofu ya Troy yako katika mkoa wa Çanakkale, na Mswahili anayesoma bango la barabarani pale anaweza kuapa kwamba mji umeandikwa "kale" kwa heshima ya umri wake. Sadfa tupu.

Kwa hiyo mwanaisimu haanzi na mfanano. Anauliza sauti zinazolingana zinalingana kwa kanuni ipi, na kanuni hiyo inaonekana katika maneno mengine mangapi. Anauliza maana ilipitaje kutoka hapa hadi pale: jina la kabila linakuwaje shimo la Titan? Na anauliza wasemaji walikutana wapi, lini. Dai la Tatar na Tartaros linaanguka katika kila swali, na lingeweza kuanguka katika moja tu likatosha.

Ingekuwa rahisi kuwacheka Waturuki hapa. Mimi siwezi, kwa sababu najua kiu ile ya kutaka lugha yako iwe mama wa nyingine. Uturuki ya miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa taifa jipya lililotoka kwenye dola iliyokufa. Mwaka 1928 iliacha hati ya Kiarabu na kushika ya Kilatini. Mwaka 1932 ikaundwa jumuiya ya lugha, na kazi yake ikawa kuyang'oa maneno ya Kiarabu na Kiajemi na kutafuta ya Kituruki mahali pake. Kazi ile ilifika mahali ikawa haiwezekani: ukiondoa kila cha kuazima, watu hawaelewani sokoni. Mwaka 1935 likaja andiko la msomi Hermann Kvergić kutoka Vienna, na kutokana nalo ikachipua kile kilichoitwa Nadharia ya Lugha ya Jua. Kwamba mtu wa kwanza alilitazama jua akatoa sauti, sauti hiyo ikawa mzizi wa lugha zote, na lugha iliyo karibu zaidi na mzizi huo ni Kituruki. Atatürk mwenyewe, rais wa nchi, aliiunga mkono, na mwaka 1936 ikawa ndiyo mada kuu ya kongamano la tatu la lugha katika kasri la Dolmabahçe, Istanbul. Faida yake ya kisiasa ilikuwa dhahiri: kama maneno yote ya dunia ni ya Kituruki, hakuna haja ya kung'oa lolote. Baada ya Atatürk kufariki Novemba 1938, nadharia ikafa kimyakimya.

Ila mbegu zake hazikufa. Kwenye kundi hilohilo la madai kuna lile la Aphrodite, mungu wa mapenzi, kwamba jina lake ni avrat, "mwanamke" kwa Kituruki. Ningelipenda sana dai hili lingekuwa kweli. Bahati mbaya avrat si Kituruki. Ni awra ya Kiarabu, neno wanalolijua wote waliokaa madrasa, yaani sehemu ya mwili ipasayo kusitiriwa. Mungu wa Kigiriki wa enzi za Homer amepewa jina lililoingia katika Kituruki pamoja na Uislamu.

Na sisi je? Tumekaa miaka mingi tukiambiwa na wageni kwamba Kiswahili ni Kiarabu kibovu, na wapo miongoni mwetu waliojibu kwa kuzidisha upande wa pili, wakitafuta mzizi wa Kibantu hata ndani ya meza, ambayo ni ya Mreno. Lugha iliyodharauliwa huwa na haraka ya kudai.

Hata hivyo kuna chembe ya kweli ndani ya dai la Kituruki, na imefichwa na jina la nchi. Visasili vingi vya Kigiriki vina mguu mmoja katika ardhi ambayo leo ni Uturuki. Chimaira, mnyama mwenye kichwa cha simba, kiwiliwili cha mbuzi na mkia wa nyoka, anawekwa Lykia, kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Na karibu na magofu ya mji wa Olympos wa Lykia, mahali panapoitwa Yanartaş, "jiwe linalowaka", gesi inatoka kwenye mwamba na kuwaka moto usiku na mchana tangu zama za kale. Aliyemuua Chimaira alipanda Pegasos, farasi mwenye mabawa. Na jina hili la Pegasos ndilo lenye hoja nzito ya asili ya huko.

Wagiriki walilieleza kwa neno lao pege, chemchemi. Hesiod mwenyewe anasema hivyo. Lakini mistari michache mbele Hesiod anasema jambo lisilo na uhusiano na chemchemi: kwamba Pegasos anakaa nyumbani kwa Zeus akimbebea radi na umeme. Farasi na radi wapi na wapi? Katika vibao vya udongo vya Wahiti, taifa la kale la Anatolia (Uturuki ya leo upande wa Asia), vilivyochimbuliwa Boğazköy katikati ya eneo hilo, kuna sala ya mfalme Muwatalli II wa karne ya 13 KK kwa mungu wa dhoruba, na mungu huyo ana sifa ya Kiluwi, lugha ndugu ya Kihiti: pihassassi, yaani wa umeme. Sauti zinakaribiana, maana inaingia palepale ilipokuwa inapwaya, Waluwi waliishi huko na Lykia ilirithi lugha ya ukoo wao, na tarehe inatangulia Hesiod kwa miaka zaidi ya 500. Bado ni pendekezo, na wapo wanaolipinga. Lakini hivi ndivyo pendekezo linavyopaswa kuvaa.

Tatizo ni kwamba Kiluwi na Kihiti ni lugha za ukoo wa Kihindi-Kiulaya, binamu wa mbali wa Kigiriki chenyewe. Waturuki waliingia Anatolia kwa nguvu baada ya ushindi wa Waseljuki pale Malazgirt mwaka 1071 BK, wakati Pegasos alikuwa na umri wa karibu miaka 1,800 katika ushairi. Neno linaweza kutoka Uturuki pasipo kutoka katika Kituruki, kama ambavyo mvuvi aliyezama Kilwa miaka 600 iliyopita alizama katika Tanzania isiyokuwepo bado.

Tartaros lenyewe basi ni la nani? Wengi wanaliweka kwenye fungu la maneno ambayo Wagiriki waliyakuta kwa watu waliowatangulia, watu ambao lugha yao haikuandikwa. Umbo lake ni la kurudufisha, tar-tar, kama barbaros, jina walilompa mgeni kwa kuwa masikioni mwao alisema bar-bar. Sisi tungesema anababaika. Zaidi ya hapo shimo lina giza.

Ambaye hata hivyo anataka neno lililopita kweli mikononi mwa Mgiriki na Mturuki, tunalo, na hatulifukui kwenye jiwe lolote. Kigiriki kilikuwa na authentes. Katika zama za kati neno hilo lilimaanisha bwana, mwenye amri, na matamshi yake yalikuwa yamelainika kuelekea afendi. Waturuki wakalichukua: efendi. Jeshi la Misri, lililotawaliwa kwa msamiati wa Kituruki, likalipeleka Sudan. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipoajiri Wasudani huko Cairo kuja kupigana pwani ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Wajerumani, walishuka na vyeo vyao: ombasha, kutoka onbaşı, "kichwa cha watu kumi", shaush, kutoka çavuş, na juu yao efendi. Waingereza nao walikuwa na maefendi katika jeshi lao la King's African Rifles. Ombasha na shaush wamesahaulika. Efendi amesalia, na yuko kizuizini barabarani akisogelea dirisha la dereva, mkono mmoja kwenye tochi, na dereva anashusha kioo na kusema: shikamoo, afande.

Katika tamthilia za Athens, kabla halijawa neno la heshima, authentes alikuwa muuaji, hasa wa ndugu zake. Hili si la kumwambia dirishani.